Bei ya blanketi la vipande

Siku ya posho iliyopita mama mmoja alisimama mbele ya baraza yangu. Akashika blanketi la vipande lililokuwa kwenye kamba, akaligeuza, akatazama mishono ya upande wa chini kama mtu anayejua kushona. "Mama, hili bei gani?" Nikamwambia dola 40. Akacheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Mama, kwa dola 40 mimi nanunua mablanketi mawili ya duka, na franka za bunga zinabaki." Akaliacha, akaenda zake.

Hakusema uongo. Yale mablanketi mazito yenye maua makubwa yanayouzwa sokoni ni ya bei hiyo, na yanapasha joto.

Wamama wapenzi, wengi wenu mmeniomba niandike juu ya kazi hii ya kuunganisha vipande, na nilikuwa nimeanza vizuri, nikieleza rangi na mishono. Lakini neno la yule mama limenikaa kichwani juma nzima. Basi nianze na bei, rangi zitafuata.

Blanketi lile lina upana wa mita 1 na sentimita 60, na urefu wa mita 2. Uso wake ni vipande 80 vya mraba. Vipande vyenyewe sivinunui: ni masalio ya vikwembe kutoka kwa mafundi wa nguo, na wengine wananiwekea mfuko mzima kwa sababu wangevitupa. Lakini shuka la upande wa chini nalinunua, blanketi jembamba la kuweka katikati nalinunua, na uzi nanunua. Yote pamoja dola 14. Kisha siku za kazi: kufua na kupiga pasi, kukata, kuunganisha kwa mashini, halafu kushona kwa mkono matabaka yote matatu yashikane yasiteleze. Nilihesabu siku 13. Nikiuza dola 20, kama tulivyokuwa tukiuza zamani, nabaki na dola 6 kwa siku 13. Haifiki hata nusu dola kwa siku. Nikiuza 40, nabaki na 26, ndiyo dola 2 kwa siku. Anayeona dola 2 kwa siku ni nyingi aje ashike sindano.

Siku zangu zote zinafanana. Naamka kabla ya jua na kufagia, watoto wanaondoka, ndipo nawasha makala kwa ajili ya pasi. Ninayo pasi ya umeme pia, lakini umeme wa kwetu mnaujua. Mashini yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, nayo haiombi umeme kwa mtu. Asubuhi nashona kazi za watu, yaani mashati ya shule na nguo za ndoa. Saa nane wanafika wanafunzi wangu, sasa wako tisa, wengine na mtoto mgongoni. Tunakaa chini kwenye mkeka, na somo la kwanza halina mashini wala sindano. Ni hesabu.

Kila kundi jipya linaanguka hapo. Nikisema tunataka miraba ya sentimita 20, minane kwa upana na kumi kwa urefu, wote wanachukua makasi na kukata sentimita 20 kamili. Nawaacha wakate. Wakiisha kuunganisha tunapima: badala ya mita 1.60 tunapata 1.48, badala ya mita 2 tunapata 1.85. Wanashangaa, mwingine anadhani kipimo changu ni kibovu. Sentimita zile hazikuibwa, ziko ndani ya mshono! Kila upande wa kipande unakula robo tatu ya sentimita, na kila kipande kina pande nne. Kwa hiyo ukitaka 20 kata 21 na nusu. Mtu akishaona blanketi lake halifuniki miguu ya mtoto, hasahau tena. Nimejaribu kueleza kwa mdomo tu, haiingii.

Somo la pili ni kujua kitambaa. Katika mfuko wa fundi mna kila kitu: waksi, kikwembe kilichochapwa upande mmoja tu, hata nailoni. Waksi ya kweli ina rangi pande zote mbili. Nailoni ukiichanganya na pamba, siku utakayopiga pasi itajikunja na kuharibu majirani zake. Ukiwa na shaka, vuta nyuzi mbili tatu na uzichome, mbali na watoto. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, nailoni inayeyuka na kuacha kitonge kigumu. Tunakata zile za pamba tu.

Na kufua. Hapa naungama. Kuna mwaka nilipewa kazi ya blanketi la bibi arusi, nyeupe na nyekundu. Kile chekundu kilikuwa kipya, kizuri, nami nilikuwa na haraka, nikasema kitafuliwa huko mbele. Kilifuliwa huko mbele kweli, nyumbani kwa bibi arusi, na nyeupe yote ikawa kama maji ya nyanya. Mama mkwe wake alinirudishia ndani ya beseni bila kusema neno, na heri angenitukana. Nilishona lingine kwa franka zangu. Wengine wanasema chumvi inashika rangi. Mimi sijaiona ikisaidia. Fua kitambaa peke yake mara mbili, tatu, mpaka maji yatoke safi, na kile kinachokataa kutulia kitengenezee mfuko.

Watu wengine wananiambia kazi hii ni ya Wazungu. Kushona kwa mashini, ndiyo, mama zetu wengi walikufundishwa katika vyumba vya kushonea na fwaye sosiali za wakati wa Union Minière, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Jina la Likasi lilirudi 1966. Pale walifundisha wake za wafanyakazi kushona, kupika na kutunza watoto, na sindano ile ilikuja kuwa ya maana kuliko walivyofikiri waliofundisha. Mnakumbuka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi katika mpango ule wa kuondoka kwa hiari. Katika nyumba nyingi za Panda na Kikula, mashini ya mama ilibaki ikizunguka.

Lakini kuunganisha vipande hakukuletwa na meli. Wengi katika chama chetu asili yao ni Kasai, waulizeni bibi zao juu ya nguo za Wakuba. Kule mwanaume anafuma rafia na mwanamke anashona. Rafia ikitoka kwenye kitanda cha kufumia ni ngumu, hivyo inatwangwa katika kinu ili ilainike, na kutwangwa huko kunaweza kuitoboa. Inasemekana ndipo wanawake walipoanza kuziba matundu kwa viraka, viraka vikaanza kukatwa kwa umbo, mpaka mtu akaweka kiraka hata pasipo na tundu, kwa uzuri tu. Sketi moja ya mwanamke ina mita kadhaa, na wanawake wa ukoo mmoja wanagawana sehemu, huyu anashona hapa, yule pale, halafu zinaunganishwa. Inavaliwa katika ngoma kubwa, na marehemu anazikwa nayo. Nguo hizo leo zimewekwa katika makumbusho, hata kule Tervuren, Ubelgiji. Sijui nani aliwahi kumwambia mama wa Kikuba kwamba viraka ni umaskini.

Turudi kwenye bei, kwa sababu ndiyo iliyotaka kuvunja kundi letu. Tulikubaliana wote kwamba blanketi kubwa halishuki chini ya dola 40. Haikupita miezi miwili, mmoja wetu akauza lake dola 18, mlango kwa mlango, mtaa ule ule ambao mwenzake alikuwa ameomba 40. Mkutano uliwaka. Wengine walitaka alipe faini, wengine walitaka aondoke. Yeye alikaa kimya, kisha akasema kitu kimoja: mtoto wake wa sekondari alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya franka za masomo, na mitihani ilikuwa juma lile. Mimi nilikataa faini. Nilisema, na nasema tena hapa, kwamba bei haikuvunjwa na yeye, ilivunjwa na ile siku ambayo hakuwa na mahali pa kukopa.

Niliwasimulia siku ile habari ya mama mmoja wa Marekani, Harriet Powers. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Baada ya uhuru alishona blanketi lenye picha za Biblia, Adamu na Eva, Kaini na Abeli, Yakobo na ngazi yake, yote kwa vipande vilivyokatwa na kushonwa juu ya kitambaa. Mwaka 1886 alilionyesha katika maonyesho ya pamba, na mwalimu mmoja wa kuchora, Jennie Smith, akataka kulinunua. Akakataa, haliuzwi kwa bei yoyote. Miaka kama mitano baadaye shida ikaingia nyumbani, akalipeleka mwenyewe kwa yule mwalimu, akaomba dola 10. Akaambiwa ziko 5 tu. Akaenda kuuliza mume wake, mume akamwambia achukue. Akachukua 5. Baadaye alikuwa akienda kule nyumba ya mnunuzi kulitazama tu. Leo blanketi hilo liko katika makumbusho ya taifa ya Marekani, mjini Washington.

Nilipomaliza, mama mkubwa wa kundi letu akauliza: "Na yeye hakuwa na likelemba?" Tulicheka, lakini hapo ndipo tulipopata la kufanya. Sasa kila anayeuza blanketi anaweka dola 2 ndani ya kisanduku. Mtu mwenye shida haendi kuuza kwa hasara. Analeta blanketi lake, kundi linalishika, anakopa dola 20, na likiuzwa anarudisha. Limekopesha mara nne mpaka leo, na tatu zimerudi. Ya nne tunaingoja, tunajua nyumba yake.

Tena hatushoni mengi makubwa kwa ajili ya soko. Kubwa tunashona kwa anayeagiza, akileta vikwembe vyake na nusu ya franka mbele. Kwa soko tunashona ya watoto wachanga, miraba ya sentimita 15, mitano kwa saba, jumla 35. Linaisha kwa siku tatu, na mama mjamzito hapigi hesabu za blanketi la duka, anatafuta kitu kizuri. Miezi ya sita na ya saba, baridi yetu inapouma usiku, hayakai kwenye kamba.

Yule mama wa siku ya posho alirudi juzi. Hakuja na dola 40. Alikuja na mfuko, ndani mlikuwa na vikwembe sita vya mama yake aliyefariki mwaka jana. Yeye na dada zake wawili wameshindwa kugawana, na hakuna anayethubutu kuvivaa. Akaniuliza kama kweli inawezekana kuvikata. Nikamwambia aende kwanza awalete hao dada zake, kwa sababu makasi yakishapita hayarudi nyuma, na mimi sitaki kuitwa katika baraza la ukoo. Walikuja wote watatu jana jioni. Tumekubaliana mablanketi matatu, kila moja na kipande cha kila kikwembe, na nusu ya bei wameshatoa. Kikwembe cha bluu chenye ndege ndicho walichopigania zaidi, nami nimekipima mara mbili: kinatosha miraba 40 tu. Kila mmoja atapata 13, na mmoja utabaki. Hawajaniambia bado niupeleke wapi.