Kimeng'enya Kilichohamia Jichoni

Ukimchemsha pweza kisha ukampasua jicho, utakuta punje nyeupe, ngumu, ya mviringo kama gololi. Ndiyo lenzi yake. Kabla ya kuingia chunguni ilikuwa angavu kama tone la maji. Mimi hupenda kuitazama Kilwa Masoko, siku za bamvua, kina mama wanaporudi kutoka mwambani na ndoo zao. Nikiwaomba macho tu, hunipa bure.

Weupe ule ni protini iliyoiva. Moto umezikunjua molekuli zake, zikashikana ovyo, nuru haipiti tena. Yanayompata mzee mwenye mtoto wa jicho yanafanana na hayo, ila kwake huchukua miaka. Seli za lenzi zikikomaa hupoteza kiini, haziwezi tena kutengeneza protini mpya. Kwa hiyo protini ya katikati ya lenzi, aliyozaliwa nayo mtu, ndiyo atakayozikwa nayo. Lazima iwe imara, na lazima ikubali kushindiliwa bila kuganda.

Protini za lenzi huitwa kristalini. Jina lisikudanganye: ndani ya jicho hazijajipanga kama fuwele. Fuwele hutengenezwa maabara, kwa njia ambayo mvuna chumvi wa Lindi angeielewa mara moja. Protini iliyosafishwa huwekwa katika tone, maji yakapungua taratibu, molekuli zikajipanga safu kwa safu kama chumvi bwawani. Fuwele hiyo hupigwa eksirei, na kutokana na jinsi miale inavyotawanyika hukokotolewa mahali ilipo kila atomu.

Mwaka 1995 ulichapishwa muundo wa kimeng'enya kutoka tezi ya mmeng'enyo ya ngisi, binamu wa pweza. Kazi yake ni kuzifunga sumu kwa molekuli ndogo iitwayo glutathioni ili mwili uziondoe. Kristalini kuu ya lenzi ya ngisi na pweza ni ya ukoo huohuo. Jeni la kimeng'enya lilijinakili, nakala zikapelekwa jichoni, zikaacha kupambana na sumu zikabaki kupinda nuru. Mwaka 2016 watafiti wa Taiwan walibadilisha viungo vinne tu, yaani asidi amino nne, katika kristalini ya pweza, na uwezo wake wa kimeng'enya ukapanda sana. Ufundi wa zamani ulikuwa bado umo ndani, umezibwa tu. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika taaluma hii.

Na pweza anaihitaji sana lenzi hiyo. Majini, uso wa mbele wa jicho haupindi nuru kama wetu wa nchi kavu, kwa hiyo kazi karibu yote huangukia lenzi. Ndiyo maana ni duara kamili, nzito katikati, nyepesi pembeni.

Sasa tutoke mwambani tuingie vichakani. Katika misitu ya pwani ya Lindi anaishi sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, macho makubwa, mwepesi wa kukimbia. Katika lenzi za jamaa zake wa kusini mwa Afrika, hadi robo ya protini ni kimeng'enya cha ukoo wa aldehaidi dihaidrojinesi, ukoo uleule ambao katika ini la binadamu humalizia kuvunja pombe. Muundo wa fuwele yake ulichapishwa mwaka 2003 na wanasayansi wa London na Marekani: vipande vinne vilivyoshikamana, sawa na kimeng'enya cha ini la kondoo.

Pweza naye anayo kristalini ya ukoo huo, kwa kiasi kidogo. Wanyama hawa wawili hawakurithishana lenzi hata kidogo. Babu yao wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na kila mmoja alijijengea jicho lake. Hata hivyo, wote wawili walichukua kimeng'enya kutoka ghala moja. Cha pweza kimepoteza kazi yake ya awali. Cha sange bado kinafanya kazi: jichoni mwake hugeuza retinali, itokanayo na vitamini A, kuwa asidi ya retinoiki, huku kikipitisha nuru.