Mlango wa Samaki katika Mto Columbia

Watu wengi wasiokaa kando ya mito mikubwa hudhani kwamba samaki ni mkaaji wa mahali pamoja, azaliwaye hapo, alaye hapo na afiaye hapo hapo. Mvuvi wa Ziwa Viktoria hatakubali maneno hayo. Yeye anamjua ningu, ambaye mvua zikinyesha na mito ikafurika huliacha ziwa na kupanda Kagera, Mara au Nzoia akatafute mahali pa kutaga. Wazee walimvua mle mtoni kwa migono na nyuzio, wakapata kitoweo chao na samaki wengine wakapita. Baadaye zikaja nyavu za makila, zikatandazwa kwenye midomo ya mito, zikawanasa majike wakiwa na mayai tumboni, kabla hawajapanda. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umekwisha anguka. Msafara ukikatwa mahali pembamba, ziwa zima huona hasara.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya mto mwingine, ulio mbali sana, ambako mlango huo mwembamba ulijengwa na binadamu kwa saruji, na ambako mtu huajiriwa akae mlangoni awahesabu wapitao. Mto huo ni Columbia. Huanzia katika milima ya Kanada, ukaingia Marekani, ukamwaga maji yake katika Bahari ya Pasifiki kati ya majimbo ya Washington na Oregon.

Samaki mkuu wa mto huo ni samoni. Yeye huzaliwa katika changarawe za vijito vya baridi huko juu milimani, akateremka na maji akiwa mdogo kama kidole, akaingia baharini. Huko hukaa mwaka mmoja au zaidi, hata miaka minne au mitano, akila na kunenepa. Kisha hurudi. Huujua mto wake kwa harufu ya maji yake, naye akiisha kuingia mtoni hali tena. Husafiri kwa mafuta yaliyomo mwilini tu. Akifika alikozaliwa hutaga, kisha hufa, na mzoga wake huwa chakula cha wadudu watakaoliwa na watoto wake. Wataalamu hukadiria kwamba hapo kale samoni waliorudi Columbia kila mwaka walikuwa kati ya milioni 10 na milioni 16.

Katika miaka ya 1930, wakati kazi ilipokuwa adimu Marekani na watu kwa mamilioni wakikaa bila ajira, serikali ya huko iliamua kuutumia mto huo kwa umeme. Bwawa la Bonneville, lililo kiasi cha kilomita 235 kutoka baharini, lilifunguliwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1937, na kazi ikamalizika mwaka uliofuata. Maelfu walipata mishahara, na nyumba za wakulima zikapata taa. Hatusemi kwamba jambo hilo lilikuwa baya. Nchi isiyo na umeme haiwezi kuwa na viwanda, na sisi wenyewe twalijua hilo kuliko wengi. Lakini ukuta ule ulisimama katikati ya njia ya samaki, na hapana budi lifikiriwe la kufanya.

Lililofanywa ni kujenga ngazi. Hebu msomaji afikirie mfereji mpana wa saruji kando ya bwawa, uliogawanywa kuwa vidimbwi vingi, kila kidimbwi kikiwa juu ya mwenzake kwa kiasi cha futi moja. Maji huporomoka kutoka kimoja hata kingine. Samoni, ambaye desturi yake ni kuushindana na mkondo, huvutwa na maji hayo yaendayo mbio, akaruka au akapenya kutoka kidimbwi hata kidimbwi, mpaka akatokea upande wa juu. Wengi walidhani samaki wangekataa. Hawakukataa. Tangu mwaka 1938 wamekuwa wakipanda, na tangu mwaka huo huo wamekuwa wakihesabiwa.

Kazi hiyo ya kuhesabu yastahili kuelezwa. Hapo mwanzo mhesabu alikaa juu ya maji, na samaki wakapitishwa juu ya ubao mweupe uliozamishwa ili waonekane. Siku hizi hukaa chumbani mbele ya dirisha la kioo lililo chini ya maji. Samaki hupitishwa karibu na kioo, mmoja mmoja au makundi makundi, naye yampasa kumtambua kila mmoja kwa mara moja: huyu ni samoni wa aina gani, huyu ni mkubwa au ni dume dogo lililorudi mapema, huyu amekatwa lile pezi dogo lililo karibu na mkia, yaani alizalishwa katika mabwawa ya serikali, au analo pezi lake zima. Huhesabu kwa dakika 50, akapumzisha macho dakika 10, na jumla ya saa hiyo huongezwa kwa kiasi cha dakika zile zilizokosekana. Ni kazi ya kuchosha, wala haina sifa mjini. Lakini bila yeye hakuna atakayejua kama mwaka huu wavuvi waruhusiwe kutega nyavu au wazuiwe, maana amri hizo hutolewa kwa kufuata tarakimu zake.

Hata hivyo, tarakimu za dirishani husema habari ya wapandao tu. Haya ndiyo makosa yaliyochukua miaka mingi kutambuliwa. Ngazi ilijengwa kwa ajili ya samaki mkubwa arudiye kutoka baharini; mtoto ateremkaye hakujengewa njia ya kutosha. Yeye hufuata mkondo, na mkondo humpeleka katika mitambo ya umeme, ambamo mapanga huzunguka na kani ya maji hubadilika ghafula. Wengine hufa papo hapo, wengine hutoka wakiwa wamezubaa na ndege wakawaokota. Tena maji yaliyotulia nyuma ya mabwawa hupata joto na hayana mwendo, hata safari iliyokuwa ya siku chache ikawa ya majuma. Ilibidi baadaye vijengwe vyandarua vya kuwaelekeza pembeni, milango ya kumwagia maji ifunguliwe wakati wa masika yao, na watoto wengine wapakiwe katika matishali na malori wateremshwe mtoni kama shehena.

Na yupo samaki mwingine, lamprei, mrefu kama mkunga, asiye na taya, ambaye ni chakula cha heshima kwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Huyu hupanda mwamba kwa kuung'ang'ania kwa mdomo. Katika ngazi ya samoni alikuta pembe kali za saruji na maji yaendayo kasi mno, akang'oka na kurudishwa nyuma. Wahandisi hawakumfikiria kwa kuwa hakuwa na soko. Makabila yaliyomla ndiyo yaliyodai afikiriwe, na siku hizi hujengewa mteremko wake mwenyewe wa bati laini. Hapo ndipo uonapo kwamba ngazi si jambo la saruji peke yake. Kwanza huulizwa ni samaki wa nani.

Mwaka 1855 wakubwa wa Marekani walitia sahihi mikataba na makabila ya Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce. Makabila yalitoa sehemu kubwa ya ardhi yao, yakabakiwa na haki ya kuvua mahali walipozoea kuvua siku zote. Mojawapo ya mahali hapo palikuwa maporomoko ya Celilo, ambapo watu walivua na kufanya biashara kwa maelfu ya miaka, wakisimama juu ya majukwaa ya mbao na nyavu zenye mipini mirefu. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na katika muda wa saa chache maporomoko yakazama. Walilipwa fidia. Haki iliyoandikwa ilibaki katika karatasi. Mwamba wenyewe ukawa chini ya maji.

Huko juu zaidi hali ilikuwa mbaya kupita hiyo. Bwawa la Grand Coulee, lililomalizika mwaka 1942, lina kimo cha futi 550, nalo halikujengewa ngazi kabisa. Sehemu yote ya juu ya mto, hata ndani ya Kanada, ilifungiwa samoni. Mwezi wa Juni 1940, kabla maji hayajafunika maporomoko ya Kettle, makabila yalikusanyika hapo kwa siku tatu kuomboleza. Mkutano huo waitwa hata leo Sherehe ya Machozi.

Katika kijito kikubwa cha Snake, ambacho humwaga maji yake Columbia, mabwawa manne yaliongezwa kati ya miaka ya 1960 na mwaka 1975. Yote manne yana ngazi. Basi samoni mwekundu wa ziwa la Redfish, katika jimbo la Idaho, yampasa kupita mabwawa manane na kusafiri kiasi cha kilomita 1,450 ili afike kwao. Mwaka 1992 alifika mmoja tu. Alikuwa dume. Watu wakampa jina la Larry Mpweke, wakazihifadhi mbegu zake katika baridi kali, na uzazi wa samaki hao ukaendelezwa katika mabirika. Ngazi zote nane zilikuwa zikifanya kazi mwaka huo.

Siku hizi, pamoja na mhesabu wa dirishani, kuna kidude cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele, kisicho na betri, kitiwacho mwilini mwa mtoto wa samaki. Akipita penye antena katika bwawa lolote, namba yake husomwa. Kwa njia hii hujulikana si wangapi wamepita tu, bali fulani aliingia bwawa hili siku fulani na hakuonekana katika lifuatalo. Mwaka 2015, joto lilipozidi na theluji ilipopungua milimani, zaidi ya nusu ya samoni wekundu walioingia Columbia, kiasi cha 250,000, walikufa njiani. Dirisha la Bonneville lilikuwa limeonyesha kundi kubwa la kupendeza. Ni vile vidude na hesabu za mabwawa ya juu vilivyoonyesha kwamba kundi lile halikufika. Katika bwawa la Lower Granite ilibidi maji ya baridi yavutwe kutoka vilindini na kumwagwa ngazini, kwa kuwa samaki walifika mlangoni, wakaona joto, wakageuka.

Mabishano hayajaisha. Mwezi wa Desemba 2023 serikali ya Rais Biden ilipatana na makabila manne pamoja na majimbo ya Oregon na Washington juu ya kuwarudisha samaki, na neno la kubomoa mabwawa manne ya Snake likazidi kuzungumzwa. Mwezi wa Juni 2025 Rais Trump aliyafuta mapatano hayo. Wakulima wa ngano wanaosafirisha mazao yao kwa matishali walifurahi, na wafanya kazi wa mabwawa walikuwa na hofu yao ya haki juu ya mishahara. Makabila yakasema kwamba ahadi imevunjwa mara nyingine.

Makabila ya Colville, ambayo nchi yao iko juu ya mabwawa yasiyo na ngazi, hayakungoja. Mwezi wa Agosti 2019 yaliwapakia samoni wakubwa katika malori yenye matangi, yakawapitisha barabarani kando ya ukuta, yakawaachia majini upande wa pili, mbele ya wazee na watoto. Mwaka uliofuata wataalamu wao walitembea katika kijito cha Sanpoil wakitazama changarawe, wakakuta viota vya mayai ya samoni, miaka 80 tangu ile Sherehe ya Machozi.