Mgonjwa Anayekwenda Kazini: Maumivu Sugu, Uchovu na Imani Yetu

Katika parokia zetu za Karagwe na Kyerwa tunao utaratibu mzuri wa kuwatembelea wagonjwa. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo huenda kwao na rozari na chochote kilichopatikana, na padre au mhudumu huwapelekea Komunyo Takatifu. Utaratibu huo humfikia aliyelala kitandani. Lakini yupo mgonjwa mwingine ambaye haumfikii, kwa sababu wageni wanapobisha hodi yeye yuko kazini. Ni mwalimu anayesimama mbele ya wanafunzi tangu asubuhi huku mgongo ukimuuma, muuguzi wa zamu ya usiku mwenye baridi yabisi ya vidole, mkulima ambaye kahawa yake imeiva na goti limekataa kupanda kilima, au kijana mwenye selimundu anayelinda duka la tajiri wake. Siku ya Dominika utamwona kanisani amevaa vizuri. Ukimsalimu, atakujibu kuwa hajambo.

Mtu huyu hubeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Akisema anaumwa, anahofu kupoteza kazi au kuitwa mvivu. Akinyamaza, iko siku mwili utamwangusha mbele ya watu. Nasi tulio karibu naye, kwa nia njema kabisa, humwongezea la tatu: tunamwambia avumilie kwa sababu kila mtu ana msalaba wake. Ni kweli kwamba Mkristo hubeba msalaba. Si kweli kwamba Kanisa linamtaka aufiche, wala kwamba kutafuta nafuu ni upungufu wa imani.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika Waraka wa Kitume juu ya maana ya Kikristo ya mateso, Salvifici Doloris, uliotolewa tarehe 11 Februari 1984. Hakuandika kama mtu anayetazama kwa mbali, kwani miaka mitatu ilikuwa haijatimia tangu apigwe risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, tarehe 13 Mei 1981. Katika Waraka huo anafundisha kwamba mateso yanayounganishwa na ya Kristo yanaweza kuzaa matunda ya wokovu. Wengi wetu hukomea hapo. Lakini Waraka unaendelea hadi kwa Msamaria Mwema, na hapo Baba Mtakatifu anafundisha kwamba mateso ya mwenzetu yapo pia ili kuamsha upendo ndani yetu. Yule Msamaria alimfunga jeraha majeruhi, akamimina mafuta na divai, akamlipia nyumba ya wageni. Hakumhubiria juu ya uvumilivu. Tena Mtume Paulo, kabla ya kuukubali mwiba wake, aliomba mara tatu uondolewe, na Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Aombaye nafuu yumo katika safari hiyohiyo.

Habari za nabii Eliya zinatufaa zaidi, kwa maana Eliya alikuwa mtu wa kazi aliyechoka. Alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi mara ya pili na kumwambia ale tena kwa sababu safari ni ndefu. Ndipo akatembea hadi Horebu. Anayetaka kuwahubiria waliochoka na aanzie hapo.

Hivi karibuni Kanisa limeona jambo hili kwa mapapa wenyewe. Yohane Paulo II, akiwa na ugonjwa wa Pakinsoni uliomtetemesha mbele ya dunia nzima, alibaki katika utume wake hadi alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Benedikto XVI alipima nguvu zake mbele ya Mungu akaona hazitoshi tena. Tarehe 11 Februari 2013, Siku ya Wagonjwa Duniani, alitangaza kung'atuka. Mwezi Mei 2022 Fransisko alianza kuonekana katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya goti. Alikuwa amepanga kuwatembelea jirani zetu wa Kongo na Sudan Kusini mwezi Julai mwaka ule. Madaktari walimzuia, na ziara ikaahirishwa, jambo lililowahuzunisha wengi waliokuwa wamejiandaa. Tarehe 31 Januari 2023 alitua Kinshasa, na kutoka huko akaenda Juba, akiwa katika kiti kilekile. Mmoja aliendelea, mmoja aliiacha kazi, mmoja aliahirisha kisha akaifanya kwa namna nyingine. Hatuoni sababu ya kumlaumu hata mmoja wao, na wala hapana sababu ya kumlaumu mwalimu au mkulima anayelazimika kuchagua mojawapo ya njia hizo.

Tuje sasa kwenye mwili wenyewe. Wataalamu huyaita maumivu kuwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inayatambua maumivu ya aina hiyo kuwa yanaweza kuwa ugonjwa kwa nafsi yake, si dalili tu ya ugonjwa mwingine. Mfano utasaidia. Mbwa wa nyumbani hubweka mwizi anapoingia, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mbwa aliyewahi kuumizwa na mwizi huweza kubweka hata upepo unapotikisa majani ya mgomba. Ndivyo mishipa ya fahamu inavyoweza kufanya: jeraha limepona, au lilikuwa dogo tangu mwanzo, na bado taarifa ya hatari inapelekwa usiku na mchana. Kwa hiyo picha ya eksirei inaweza kuonyesha mgongo usio na kasoro kubwa, na mgonjwa akawa anaumia kweli. Kumwambia kwamba anajifanya ni kumshuhudia uongo.

Uchovu nao haupaswi kuzoeleka kabla ya kuchunguzwa. Upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, matatizo ya tezi la shingo na sonona, yote huweza kuanza kwa uchovu usioeleweka, na yote yana tiba au namna ya kuyadhibiti. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kupungua uzito yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Yakiambatana na miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja, ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Tunazo hospitali za Kanisa, Nyakaiga kwa upande wa Karagwe na Isingiro kwa upande wa Kyerwa, na zipo za serikali na za ndugu zetu Walutheri pale Nyakahanga. Yanayozidi uwezo hupewa rufaa, na wengine hufika hadi Bugando, Mwanza. Nauli ni mzigo, hilo tunalijua. Mara nyingi, hata hivyo, fedha zilizokwisha kwa waganga wa kupiga ramli zingetosha safari hiyo na kubaki.

Kuhusu dawa za kutuliza maumivu, kuzitumia si dhambi wala si udhaifu. Hatari iko kwingine. Diklofenaki na jamii yake, zikinunuliwa dukani na kumezwa kila siku miezi kwa miezi bila mtaalamu kujua, huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo wa chini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unasisitiza mazoezi na kumwelimisha mgonjwa, na haupendekezi ile mikanda ya kiunoni ambayo wengi huinunua kwa bei kubwa.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni namna ya kuzigawa nguvu. Mwenye maumivu sugu akiamka na nafuu, hutaka kulipa madeni yote ya wiki siku hiyo: apalilie, afue, achote maji, apande bodaboda kwenda mnadani. Kesho yake halali wala haamki. Baada ya siku tatu nafuu inarudi, naye anarudia. Njia iliyo bora ni kufanya kiasi kile kile siku njema na siku mbaya, na kukiongeza polepole. Mwenye shamba la kahawa aanike debe mbili leo na mbili kesho, badala ya kuinama juu ya turubai mchana kutwa. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, hayaupindi mgongo upande mmoja, na toroli ni bora kuliko yote mawili. Mwalimu anaweza kusahihisha madaftari ameketi, kisha asimame na kutembea kila nusu saa, maana kukaa mno nako huumiza. Kujilaza kitandani wiki nzima kwa ajili ya mgongo wa kawaida huudhoofisha zaidi. Kwa mwenye selimundu maangalizo ni mengine: maji ya kutosha, kujikinga na baridi ya alfajiri ya vilima vyetu, na kutosubiri maumivu makali yapande ndipo aende hospitali.

Kwa walioajiriwa, sheria ina neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari, na hapo ndipo wengi hupoteza haki yao: wanaugulia nyumbani siku nne bila kufika kituo cha afya, wakirudi wanahesabiwa watoro. Sheria hiyo pia inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Anayeona ameachishwa kazi isivyo haki anazo siku 30 za kufikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni muda mfupi, asiupoteze kwa kunung'unika. Tuseme pia wazi kwamba shule, zahanati na ofisi za parokia ni waajiri kama wengine. Sheria hii inatuhusu sisi kwanza, na mkuu wa shule ya Kanisa hapaswi kusubiri kukumbushwa na afisa kazi.

Si lazima kumweleza mwajiri kila kitu. Inatosha mara nyingi kumwambia kile usichoweza, kile unachoweza, na ombi lako: “Siwezi kubeba maboksi, ila naweza kushika daftari la stoo, naomba kuketi.” Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa kuliko ukimya unaofuatwa na kutoonekana kazini.

Mkulima wa kujitegemea hana cheti cha kumpelekea mtu. Likizo yake ni majirani. Mkoa wetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, umejifunza kwa machozi maana ya kulea wagonjwa nyumbani, na umejifunza pia gharama ya kuficha ugonjwa. Jumuiya iliyoweza kuosha wagonjwa miaka ile inaweza leo kuvuna kahawa ya mwenzao asubuhi moja ya Jumamosi. WAWATA wengi hufanya hivyo bila kutangaza. Tungependa kuona wanaume wakifanya vilevile.

Yamebaki mambo ya altareni, ambayo huulizwa sana. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa si ya wanaokata roho peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisahihisha hilo mwaka 1963. Mwamini aanzapo kuwa hatarini kwa ugonjwa mkubwa au uzee anaweza kuipokea, na akaipokea tena hali ikizidi. Si kila maumivu ya kiuno yanaiita, lakini mwenye selimundu, saratani au moyo uliochoka asisubiri kubebwa. Amwendee Baba Paroko akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Wapo wanaoacha dawa za asubuhi ili wapokee Komunyo. Wasifanye hivyo. Sheria ya Kanisa inadai kufunga saa moja kabla ya Komunyo, na maji na dawa havivunji mfungo huo. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaweza kupokea hata wakiwa wamekula ndani ya saa hiyo. Mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu hauwabani wagonjwa, hata wakiwa kati ya miaka 18 na 59. Asiyeweza kupiga magoti wakati wa mageuzo asimame na kuinama, au aketi kama hata kusimama hawezi. Nao wahudumu wa mlangoni, badala ya kumsogeza mbele kwenye benchi lisilo na egemeo, wamwachie nafasi ya pembeni anakoweza kunyoosha mguu na kutoka bila kuwapita watu.