Sumu ya kuvu: Jinsi ini linavyogeuzwa kuwa adui wa mwenyewe

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua nchini Kenya baada ya kula mahindi yenye kuvu, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walikuwa wakazi wa wilaya za Makueni na Kitui. Macho ya wagonjwa yaligeuka manjano, matumbo yakafura, na ini likashindwa kufanya kazi.

Kiini cha maafa hayo kilikuwa aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Mvua ilinyesha wakati wa mavuno, na familia nyingi zikahifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Sampuli 350 zilipokusanywa sokoni, asilimia 55 zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 kwa kila bilioni. Asilimia 7 zilipita 1,000.

Jambo la kushangaza ni kwamba aflatoksini inapomezwa haijawa na makali yake yote. Ini ndilo linaloinoa. Ndani ya seli za ini mna vimeng'enya, ambavyo ni protini zenye jukumu jema la kubadilisha kemikali ngeni ili zitolewe mwilini. Vinapoikuta aflatoksini huiongezea oksijeni, na hapo huzaliwa kemikali kali isiyotulia, inayong'ang'ania DNA na protini zilizo karibu.

Bakteria wa kipindupindu nao hutumia hila kama hiyo: sumu yao huifunga protini mojawapo ya seli za utumbo katika hali ya kufanya kazi bila kukoma, na maji ya mwili yakamwagika.

Ini halikosi kinga. Lina glutathioni, ambayo huidaka kemikali hiyo kabla haijaleta madhara. Lakini mtu anapokula sumu nyingi mlo baada ya mlo, akiba hiyo huisha na seli hufa kwa wingi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ukambani. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka huenda asihisi lolote, ilhali DNA inaharibika, hasa katika jeni ya p53 inayozuia saratani. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya hepatitisi B.

Sehemu ya sumu hiyo hunasa kwenye albumini, protini ya damu. Kwa kuipima, wachunguzi wa 2004 waliweza kuonyesha kwamba wagonjwa walikuwa wamekula sumu nyingi kuliko majirani zao wazima.

Hakuna dawa ya kuiondoa aflatoksini mwilini, na moto wa jikoni hauiharibu. Kukoboa mahindi ili kupika muthokoi hupunguza sumu, kwani nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, lakini hakuimalizi. Kinga yenyewe huanzia shambani: kuanika mahindi juu ya turubai, si udongoni, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5.