Bima ya Mtafiti Mgeni katika Pori la Itigi

Bernard Burtt alikuwa mtaalamu wa mimea katika idara iliyotafiti mbung'o wakati wa Tanganyika ya Waingereza. Ni miongoni mwa watu wa mwanzo kukieleza kitaalamu kile kichaka kizito cha Itigi, katikati mwa Tanzania, chenye miti mifupi ya mita tatu hadi tano iliyoshikana matawi kiasi kwamba mtu hapiti bila panga. Mmea mmoja wa huko, Baphia burttii, una jina lake hadi leo. Juni 1938 Burtt na mkuu wake wa kazi, Charles Swynnerton, walifariki katika ajali ya ndege humu nchini.

Namtaja kwa sababu ya ndege ile. Bima nyingi za safari wanazouziwa wageni hufidia ajali ya ndege ya abiria inayoruka kwa ratiba, huku ndege ndogo ya kukodi, kwa mfano ya kuhesabu wanyama kutoka angani, ikitajwa kwenye orodha ya mambo yasiyolipwa. Mtalii haathiriki sana na kifungu hicho. Mtafiti wa tembo anayefanya kazi upande wa Pori la Akiba la Rungwa, kusini mwa Itigi, anaathirika moja kwa moja.

Tatizo ni kwamba mtafiti mgeni si mtalii, na mara nyingi si mwajiriwa wa taasisi inayompokea. Bima ya safari hutungwa kwa ajili ya mtu wa likizo, na ya mwajiri kwa ajili ya mtu mwenye mkataba wa kazi. Yeye yuko katikati, na katikati ndiko madai yanakokataliwa. Kampuni ya bima hulipa kwa kufuata maelezo uliyotoa siku ya kukata bima. Ukiandika "matembezi" kisha ukavunjika mguu ukikagua mitego porini, wana haki ya kuuliza ulikuwa unatembelea nini.

Vifaa navyo vina mkasa wake. Mkataba wa kawaida haulipi mali iliyoibwa ikiwa imeachwa bila mwangalizi. Kamera za mtego zinazofungwa kwenye miti ili zipige picha za wanyama usiku zimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya kuachwa bila mwangalizi. Zinahitaji bima ya vifaa ya peke yake, na ndani yake yaandikwe wazi maneno "vifaa vilivyofungwa porini".

Kuna pia bodaboda. Mikataba mingi ya nje huweka kikomo cha pikipiki kuwa cc 125, na mara nyingi humtaka abiria awe amevaa kofia ngumu. Zipo bodaboda nyingi za mikoani zenye cc 150, na kofia ya abiria mara nyingi haipo, au ipo imening'inizwa kwenye usukani. Mgeni anayekwenda kijijini kwa pikipiki anaweza kuwa nje ya bima yake kabla hata hajafika njia panda, na hakuna wa kumwambia.

Itigi ina bahati ya kuwa na Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, iliyoanzishwa na wamisionari wa Damu Azizi. Hata hivyo, kuwa na hospitali karibu hakumaanishi kwamba kampuni ya bima ya Ulaya au Marekani ina makubaliano nayo. Mara nyingi mgonjwa hulipa kwanza kwa fedha yake na kudai baadaye. Hapo dai huishi au hufa kwa karatasi: risiti isiyosema zaidi ya "matibabu" haitoshi. Omba ichanganuliwe, kipimo kwa bei yake na dawa kwa bei yake, pamoja na ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa, tarehe na mhuri. Kampuni nyingi pia hutaka zipigiwe simu kabla mgonjwa hajalazwa, kwa hiyo namba yao ya dharura ibaki kwa mwenyeji wako kijijini, maana simu yako inaweza kuwa imezimika nawe umezirai.

Usafiri wa dharura ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Wengi hudhani wakiugua watarushwa hadi kwao. Mkataba kwa kawaida husema hospitali ya karibu inayofaa, na ukiwa Itigi hiyo huenda ikawa Benjamin Mkapa ya Dodoma. Kurudishwa nyumbani ni kifungu kingine, kama ilivyo kusafirisha mwili wa marehemu. AMREF Flying Doctors, huduma iliyoanza mwaka 1957 na yenye makao Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ina uanachama uitwao Maisha kwa ajili ya kuokolewa kwa ndege. Ni msaada mkubwa, ila hulipia usafiri wa mgonjwa tu. Bili ya wodi itatoka kwingine.

Kisha kuna magonjwa yasiyofuata kalenda ya safari. Malale ya aina ya Afrika Mashariki, yanayoenezwa na mbung'o, huonyesha dalili wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, na malaria inaweza kuchelewa zaidi. Bima ya safari mara nyingi hukoma mgeni anaposhuka kwao. Homa ikimkamata wiki ya pili akiwa nyumbani, anatibiwa kwa bima gani, na kwa daktari ambaye pengine hajawahi kuona malale? Huu ndio ukurasa ningeusoma mara mbili kuliko mwingine wowote.

Wageni kadhaa pia huchanganya mambo ya Zanzibar. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni anayeingia visiwani hununua bima ya dola 44 za Marekani kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, kwa muda usiozidi siku 92. Imekusudiwa kwa ajili ya muda wake visiwani. Mwenye kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na kibali cha ukaazi daraja C kwa miezi mingi asidhani itamfuata hadi Manyoni na Itigi.

Kwa Mtanzania anayekwenda kutafiti nje, masharti ni ya wazi zaidi. Viza ya Schengen hutaka bima ya angalau euro 30,000. Marekani, kwa viza ya J-1 wanayopewa watafiti wageni, hutaka dola 100,000 za matibabu kwa kila ajali au ugonjwa, 50,000 za kuhamishiwa kwingine kwa matibabu na 25,000 za kurudisha mwili. Uingereza hutoza pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima wa kawaida anayekaa zaidi ya miezi sita, naye hutibiwa katika hospitali za umma.

Nimebakiza mtu mmoja ambaye bajeti za utafiti humsahau: kijana wa Itigi anayetangulia na panga kufungua njia. Akikanyaga nyoka, bima ya mgeni haimhusu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko, WCF, ambao waajiri huuchangia, na swali gumu ni nani mwajiri wake: mgeni anayempa posho jioni, au taasisi ya Tanzania iliyoandika barua ya mwaliko. Jibu liandikwe kwenye makubaliano ya utafiti, pamoja na fungu la fedha la kulitekeleza, kabla panga halijanolewa.