Probox inagoma kubadili gia? Pima sensa kabla ya kununua gia boksi

Vijana, msimu wa nyanya gari la otomatiki likianza kusumbua, usikubali haraka ukiambiwa "gia boksi imekufa".

Gia hubadilishwa kwa amri ya kompyuta, nayo hutegemea sensa za spidi: moja husoma shafti inayoingia kwenye gia boksi, nyingine inayotoka. Taarifa zikikatika, gari linang'ang'ania gia moja au linabadili kwa kishindo, taa ya injini inawaka, na mara nyingine mshale wa spidi unalala sifuri.

Mpelekee fundi mwenye mashine. P0715 ni sensa ya kuingilia, P0720 ya kutokea. Ila namba hiyo haisemi sensa imekufa, inasema tu taarifa zake hazieleweki. Kwa hiyo anza na waya (panya wa ghalani mnawajua). Chomoa soketi, tazama kutu, maji, oili. Sensa ya waya mbili ipimwe kwa mita, ulinganishe na kitabu cha gari. Ya waya tatu usiipime hivyo; hiyo huangaliwa umeme wake na mawimbi tairi likizunguka.

Cheki na oili ya gia boksi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo sensa mpya haitakusaidia.