Kwenda ku ski Andermatt: kila njia inapita ndani ya tundu la wachimbaji

Wandugu wa mine, bamama, vijana: mnatuuliza mara nyingi wakubwa fulani wa kampuni wanaenda wapi wakati wa vakansi za mwezi wa pili. Wengine wanaenda Uswisi, ku milima ya Alpes, kuteleza juu ya theluji. Leo tunawaonyesha njia za kufika kijiji kimoja cha ski, jina lake Andermatt. Hatusemi mtapanda ndege kesho. Tunasema hivi juu njia zile zilichimbwa na watu wa kazi kama yetu, na mambo yao yanatugusa.

Andermatt iko ndani ya milima ya Gotthard, zaidi ya mita 1.400 juu ya bahari, karibu sawa na Kolwezi yetu. Lakini kule mwezi wa kwanza theluji inafunika kila kitu. Mwenye kuijengea hoteli kubwa ni Mwafrika, tajiri wa Misri, Samih Sawiris.

Kwanza ni viza ya Schengen. Mtu mzima analipa euro 90, na wakikukatalia hawakurudishii hata moja. Kutoka Lubumbashi unaweza kupanda ndege ya Addis Ababa, na pale unaunganisha ya Ulaya.

Ukifika Zurich, njia ni fupi: treni mpaka Göschenen, kisha treni ndogo nyekundu inayopanda mlima. Katikati ya reli yake kuna meno ya chuma, juu mlima ni mkali sana. Safari yote ni kama masaa mawili. Lakini angalia vizuri treni unayopanda. Ile ya haraka inapita chini kabisa, ndani ya tuneli mpya ya kilometa 57, na itakutupa upande mwingine wa mlima bila kusimama Göschenen.

Ukifika Genève, mahali delege wa sendika za dunia yote wanakutana kila mwaka kwa mkutano wa kazi wa BIT, unafuata treni ya Lausanne mpaka Visp ao Brig. Pale unabadilisha. Utapita tuneli ya Furka, kilometa 15, iliyofunguliwa mwaka 1982. Hesabu zaidi ya masaa mane.

Mwenye gari anafuata barabara kubwa A2, anatoka Göschenen na kupanda ku korongo la Schöllenen. Barabara za juu, Furka na Oberalp, zinafungwa wakati wa theluji. Gari linapandishwa juu ya treni sawa mzigo.

Sasa, wandugu, tusimame kidogo pale gare ya Göschenen. Mbele ya reli kuna mdomo wa tuneli ya zamani, kilometa 15. Ilichimbwa kuanzia 1872, treni zikaanza kupita 1882. Waliochimba, wengi walikuwa Waitalia maskini, waliotoka kwao kutafuta mkate. Walitumia dinamiti na mashini za hewa. Ndani joto kali, maji kila mahali, choo hakuna. Minyoo midogo iliingia kwa ngozi ya miguu na kunywa damu yao, mpaka watu wenye nguvu wakawa weupe sawa karatasi. Ajali peke yake ziliua karibu watu 200. Ugonjwa uliua wengine waliporudi kwao. Hata mkubwa wa kazi, Louis Favre, alifia ndani ya tuneli mwaka 1879.

Mwezi wa 7 mwaka 1875, moshi wa dinamiti uliwashinda. Wakatoka inje, wakagoma, wakaomba hewa na mshahara. Walitumiwa watu wenye bunduki. Wane walikufa pale Göschenen. Kwetu watu wa Katanga hadithi hii si ngeni: Desemba 1941, Lubumbashi ilipoitwa Elisabethville, askari waliwapiga risasi wachimbaji waliogoma kwa ajili ya mshahara.

Tuangalie tofauti. Tuneli ile mpya, iliyofunguliwa 2016, ni ndefu karibu mara nne, na iliua watu 9. Tisa ni wengi kwa wajane wao, lakini si 200. Mlima haukuwa mpole zaidi. Hewa, vipimo, daktari na sheria ndivyo viliongezeka. Mkataba 176 wa BIT, wa mwaka 1995, unasema mfanyakazi wa mine akiona hatari iko na haki ya kutoka mahali pale. Haki hiyo ndiyo wale wa 1875 walikosa.

Pale Airolo, upande mwingine wa tuneli, waliweka sanamu ya shaba ya wachimbaji wanaobeba mwenzao aliyekufa. Mtalii wa ski akishuka ku gare, anaweza kuiona. Sisi, mwezi wa 6 mwaka 2019, zaidi ya watu 40 walifunikwa na udongo karibu na Kolwezi. Nani anaweza kutaja majina yao yote?

Kwa hiyo tumefungua daftari. Familia iliyopoteza mtu ku mine, awe wa kampuni ao creuseur, ilete jina, tarehe na mahali kwa delege wa sendika aliye karibu. Tunapodai hewa ndani ya galeri, tunataka kuweka majina hayo juu ya meza.